Marahaba ya Mwalimu Gosbert

Katika maneno yote ambayo Mwalimu Gosbert aliwahi kuyasema, na alikuwa msemaji hasa, ugonjwa ulimwachia moja tu. Ungemwachia "asante", angeishi na watu vizuri. Ungemwachia "maji", angalau asingelala na kiu. Ulimwachia "marahaba", neno ambalo mkubwa humwitikia mdogo wake, na hapo ndipo uchumba wake na Violeth ulipoingia mdudu.

Hebu fikiria. Mzee Fransisko, baba yake Violeth, mtu wa heshima zake kanisani, anakwenda wodini kumjulia hali mkwe wake mtarajiwa. Amevaa koti lake la Pasaka katika joto la Ifakara. Amebeba mapapai mawili. Anakisogelea kitanda, na kabla hajafungua kinywa kijana anamnyooshea mkono wa kushoto, maana wa kulia umelala, anatabasamu kwa upande mmoja wa uso, kisha anasema kwa sauti safi kabisa, "Marahaba."

Mzee Fransisko alirudi nyumbani na mapapai yake.

"Mwili umepooza," alimwambia mkewe akivua koti, "lakini kiburi kimebaki kizima."

Hakikuwa kiburi. Gosbert alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Namawala, na kwa miaka mingi kila alipoingia darasani watoto walisimama wakaimba, "Shikamoo mwalimu." Aliitikia darasani, akaitikia njiani, akaitikia kisimani na sokoni. Kiharusi kilipomwangusha mbele ya ubao, chaki ikiwa bado mkononi, kilichukua nguvu za upande wa kulia kikayachukua na maneno. Lile lililokuwa limezoea mno kutoka lenyewe likabaki. Akili hakikuigusa. Watu walimwongelea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya mtoto mchanga, naye alisikia kila kitu na kila kitu kilimuuma.

Violeth alikuwa anampenda kabla ya ugonjwa na alimpenda baada yake. Lile la pili ndilo lililowashinda watu kulielewa.

Jioni moja ya Jumatatu, mavuno ya mpunga yakielekea ukingoni, Mzee Fransisko alimwita bintiye uani. Shangazi Emerensiana, dada yake mzee, alikuwa pembeni akipeta mchele.

"Kaa, mwanangu."

Violeth alikaa.

"Nilisema mavuno haya yangekuwa ya harusi yako. Sijasahau. Sasa Jumapili, baada ya misa, Fulgensi amlete mpwa wake hapa."

Fulgensi alikuwa mjomba wake Gosbert, na ndiye aliyekuwa mshenga. Posa yenyewe aliileta yeye mwaka uliotangulia, pamoja na jembe jipya lililofungwa kitambaa cheupe, kama ilivyo desturi ya ukoo ule tangu walipokuwa upande wa Mahenge. Jembe likipokelewa na kuwekwa ndani, binti ni mchumba wa mtu. Likirudishwa, hakuna tena maneno.

"Aje anisalimie kama kijana anavyomsalimia mkwewe," Mzee Fransisko aliendelea. "Halafu aniambie kwa kinywa chake kwamba anakutaka. Akiweza, padri atangaze ndoa. Akishindwa, lile jembe linarudi kwao siku hiyohiyo."

"Baba, unajua hawezi kusema."

"Najua. Na padri naye atamuuliza mbele ya watu. Atamjibu nini? Marahaba?"

"Baba, unamwonea."

"Ninamwonea yeye, au ninakuonea huruma wewe?" Mzee alishusha sauti. "Muulize shangazi yako huyo. Aliolewa na mwanamume mzima kuliko wote wa Lumemo. Akapooza. Huyu akamlisha, akamgeuza, akamwosha, na siku anamzika alikuwa amekuwa bibi kizee kabla ya wenzake. Nililiona hilo kwa dada yangu. Sitaki kuliona tena kwa mwanangu."

Shangazi Emerensiana aliendelea kupeta. Makapi yaliruka, mchele ukarudi kwenye ungo, na uso wake haukusema lolote.

Baadaye, walipobaki wawili, Violeth alimsogelea.

"Shangazi, mbona umenyamaza?"

"Nimjibu nani? Mimi hakuniuliza. Amesema nilizeeka. Hajauliza kama nilijuta."

"Ulijuta?"

Shangazi aliinua ungo akauinamisha kuelekea upepo. "Nenda kalale," alisema. "Jumatano mna kikundi chenu."

*

Kikundi kilikutana katika chumba cha nyuma cha zahanati ya masista. Mjini watu walikiita darasa la mabubu, na Sista Theodosia alipolisikia jina hilo alisimama sokoni mchana kweupe akawapa somo.

"Bubu ni nani? Hawa wana ugonjwa unaoitwa afasia. Maneno yao wanayo kichwani. Njia ya kutokea ndiyo imeharibika. Barabara ya Kidatu ikikatika masika, mtasema Ifakara imekufa?"

Basi tangu hapo wakasema darasa la Sista, angalau mbele yake.

Walikuwa watatu tu siku ile. Mzee Haruni, mwenye duka la nguo, alikuwa amepotelewa na majina ya vitu vyote duniani isipokuwa kanga. Kijiko kwake kilikuwa kanga, mvua kanga, na mke wake, aliyemvumilia kwa moyo mweupe, naye alikuwa kanga. Mama Paulina wa Mkula hakuishiwa maneno hata kidogo. Yalimtoka kwa kupanda na kushuka kama anasimulia msiba wa jirani, ila ukisogea karibu ukasikiliza, hayashikani. Wa tatu alikuwa Gosbert, amekaa wima kwenye benchi, shati limepigwa pasi na Violeth, mkono wa kulia umelazwa mapajani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," Violeth alisalimu mlangoni.

"Milele amina. Mbona macho mekundu?"

Violeth alimvuta pembeni akamweleza habari ya Jumapili. Sista alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili hii?"

"Hii, Sista."

"Baba yako amepanda jana, anataka kuvuna kesho." Sista alitikisa kichwa. "Na lile jibu la chuo cha uuguzi, kule Mahenge? Masomo yanaanza mwezi ujao."

Violeth aligeuka kuangalia kama Gosbert anasikia. "Nimeikataa nafasi. Nimeshamwambia padri. Nikivuka mto kwenda Mahenge, nani atamleta Gosbert hapa?"

"Yeye anajua?"

"Hapana. Na tafadhali asijue, Sista. Ndiye aliyenifundisha zile hesabu za mtihani, jioni kwa jioni, mpaka nikazipenda." Aliona haya kidogo. "Na yeye nikampenda hukohuko. Akijua nimeacha, ataumia kuliko alivyoumizwa na ugonjwa."

 Sista Theodosia alipiga makofi kuwaita wote.

"Leo hatutaji vyombo. Leo tuna kazi moja. Mwalimu anakwenda kwa mkwewe, na lazima aseme shikamoo. Mzee Haruni, wewe ndiye mkwe."

Mzee Haruni aliipokea kazi ile kwa uzito wake. Alinyoosha kofia, akakaa kwenye kiti cha Sista, akakunja uso, akakohoa kimzee.

"Kanga," alisema kwa ukali.

Wote walicheka, na Gosbert alicheka zaidi. Halafu alijaribu. Midomo ilijikusanya, mishipa ya shingo ikasimama.

"Mara..."

"Siyo hilo, Mwalimu," Sista alisema taratibu. "Acha lipite. Vuta pumzi."

"Mara... mara..."

"Shi," Violeth alimwonyesha midomo yake. "Shi."

"Marahaba."

Alijaribu mpaka shati lililopigwa pasi likaloa mgongoni. Kila mara lilitoka lile lile, na kila mara alilisikia likitoka, akafumba macho kwa aibu. Mama Paulina alianza kumbembeleza kwa maneno yake yasiyoshikana, akimpapasa bega, na ajabu ni kwamba kila mmoja alielewa anachosema.

Sista aliondoka bila kuaga. Aliporudi kutoka chumba cha katekisimu alikuwa na kipande cha chaki. Alisimama mbele ya Gosbert akamnyooshea.

"Mwalimu. Shika."

Gosbert aliitazama chaki. Tangu siku ile alipoanguka mbele ya ubao, hakuna aliyewahi kumwonyesha tena. Aliinua mkono wa kushoto, akaichukua, akaizungusha vidoleni, na midomo ikasogea yenyewe.

"Shika," alisema.



"Tena," Sista alisema. Aliitwaa chaki akampa upya.

"Shika."

Hapo Mzee Haruni, ambaye akili ya biashara haikuwahi kumtoka, aliinuka kitini, akavuta pumzi, akalia kama ng'ombe wa Msukuma. "Moo."

"Shika," alisema Gosbert. Akamtazama Mzee Haruni. "Moo."

"Pamoja," Sista alisema.

"Shika... moo. Shikamoo."

Violeth alijifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Kanga," Mzee Haruni alisema akiinyooshea kidole, na siku hiyo alikuwa amepatia.

Walirudia mpaka Gosbert akaweza kulisema kwa kuifumbata chaki tu, bila kupewa na mtu. Kwa swali la pili Sista hakumhangaisha na neno. Alimwambia akimaanisha ndiyo aweke mkono kifuani, basi.

"Baba atasema hakulisikia," Violeth alisema.

"Baba yako ana macho. Mwombe akubali kuyatumia."

Wenzao walipoondoka, wawili hao walikaa kwenye benchi nje wakimsubiri Mjomba Fulgensi na baiskeli yake. Harufu ya mchele mpya ilikuwa inatoka kwenye mashine ya kukoboa ng'ambo ya barabara. Violeth alichukua mkono wa Gosbert ule uliolala, uliokuwa wa baridi siku zote, akauweka katikati ya mikono yake.

"Unaogopa?"

Gosbert alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana.

"Mimi naogopa," Violeth alisema. "Lakini nakupenda."

"Marahaba," Gosbert alijibu.

Mara ya kwanza alipomjibu hivyo, wodini, Violeth alilia usiku kucha. Mara ya pili alicheka. Baadaye akaanza kulisikiliza vizuri, akagundua kwamba hakumjibu kama alivyowajibu watu wengine. Kwake alilivuta kidogo, akalishusha mwishoni, akalitua. Tangu hapo likawa lao. Wachumba wengine wana maneno mengi ya kudanganyana, hawa walikuwa na moja na halikudanganya.

"Sema tena."

"Marahaba."

Violeth alilala begani kwake mpaka kengele ya baiskeli iliposikika.

*

Jumapili Mzee Fransisko alivaa lile koti la Pasaka. Jembe lilitolewa chumbani na kuegeshwa ukutani, karibu na kiti cha mgeni, likiwa bado na kitambaa chake cheupe. Violeth, kama desturi inavyomtaka binti anayeongelewa, alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, Shangazi Emerensiana ubavuni pake. Kati ya pazia na kizingiti kulikuwa na upenyo, na wala Shangazi hakumkataza kuutumia.

Mjomba Fulgensi aliingia kwanza, akamshika mpwa wake kiunoni mpaka kitini. Gosbert alikuwa amenyolewa vizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumbata kitu.

Mzee Fransisko alimtazama. Hakumsaidia, na wala hakumharakisha.

Gosbert alivuta pumzi. Violeth, nyuma ya pazia, aliivuta pamoja naye.

"Shika," alisema. Ngumi ilikaza. "Shikamoo."

 Mzee Fransisko alifungua kinywa, akakifunga, na kwa upenyo ule Violeth aliona kidevu cha baba yake kikicheza.

"Marahaba," alisema mzee. "Marahaba, mwanangu. Karibu."

Shangazi Emerensiana aliutafuta mkono wa Violeth akaubana. Violeth alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na kwa muda ule mdogo alikuwa ameshaolewa. Alishajiona na gauni, alishamwona padri akitabasamu.

"Baba mkwe," Mjomba Fulgensi aliharakisha, maana alijua bahati haigongi hodi mara mbili, "kwa lile swali jingine, tunaomba umpokelee mkono. Akiweka mkono kifuani, hiyo ndiyo 'ndiyo' yake."

"Violeth ameshaniomba. Nilikataa." Mzee alijifuta uso kwa leso. "Sasa nakubali. Mtu aliyehangaika vile kwa ajili ya heshima yangu, siwezi kumnyima mkono. Ila kwanza ana haki ya kuambiwa. Mtu akiulizwa jambo kama hili, aulizwe akiwa anajua yote."

Nyuma ya pazia Violeth aliacha kucheka.

"Mwalimu, binti yangu alichaguliwa chuo cha uuguzi Mahenge. Ulilijua hilo?"

Gosbert alitikisa kichwa kukana.

"Mtihani alifaulu. Padri ndiye aliyeleta majibu, wiki ile uliyotoka wodini. Ameikataa nafasi ili abaki na wewe. Amekuficha, na amefikiri amenificha na mimi. Nafasi bado ipo. Padri aliwaandikia wamsubiri mpaka mwisho wa mwezi."

Violeth aliinuka. Shangazi alimshika kanga.

"Niachie, shangazi."

"Ukitoka sasa, baba yako atasema umeharibu desturi, na wazee watamuunga mkono. Subiri mkono, mwanangu. Atauinua, subiri."

Violeth alirudi kwenye upenyo.

"Sikuambii ili nikuumize," Mzee Fransisko alikuwa anasema. "Nilikuwa na sababu zangu mbaya na sasa sina. Nakuuliza kwa moyo safi. Unamtaka binti yangu?"

Mkono wa Gosbert ulipanda taratibu, na chaki ndani yake. Ulipita tumbo. Ulifika karibu na kifungo cha pili cha shati, na Violeth alikuwa anakitazama kifungo kile kama mtu anayetazama pantoni likikaribia ukingo. Hapo mkono ukasimama.

Gosbert aligeuza macho kwenye pazia. Hakuweza kumwona, lakini alijua yuko pale, na alitazama hasa mahali ambapo uso wake ulikuwa. Kisha alishusha mkono. Aliiweka chaki juu ya meza ndogo, polepole, isidondoke, kama alivyokuwa akifanya kipindi kikiisha. Alikuwa na mkono mmoja tu, na asingeweza kushika vitu viwili. Mkono ule uliobaki wazi aliunyoosha pembeni ya kiti akalishika jembe.

"Gosbert," Mjomba Fulgensi alisema. "Gosbert, siyo hivyo. Hajaelewa, mzee. Mpe tena swali."

"Ameelewa," Mzee Fransisko alisema kwa sauti ndogo.

Alimsogelea, akainama. Mwenye nyumba sasa ndiye aliyekuwa anaomba. "Mwalimu. Mwanangu. Sikukufukuza. Liache jembe. Nimekubali, umesikia? Nimekubali."

Gosbert alimtazama mzee machoni. Alilikaza jembe, akaliegemea kama fimbo, akajiinua mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kushikwa.

*

Violeth aliwakuta njiani, karibu na majaruba ya mpunga. Alikuwa ametoka mbio bila viatu, na habari ya desturi alikuwa ameiacha nyuma ya pazia. Gosbert alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, jembe limelazwa mapajani, na mjomba wake anaisukuma huku akitembea. Mjomba alimwona, akaiegesha baiskeli kwenye kisiki, akasogea mbele kidogo akajifanya anaangalia mpunga wa watu.

"Kwa nini?" Violeth aliuliza.

Gosbert alitazama mikono yake.

"Nitazame mimi. Baba alikubali. Mlango aliufungua mwenyewe, nawe ukaufunga. Kwa nini?"

Aliinua macho. Yalikuwa yamejaa, na upande mmoja wa uso ulikuwa unatetemeka. Alinyoosha kidole kuelekea kusini, kule mto uliko, na ng'ambo ya mto milima ya Mahenge.

"Sitaki chuo. Nilishakataa."

Kidole kilibaki palepale.

"Hukuniuliza, Gosbert. Baba hakumuuliza shangazi, ila kila siku anamsemea. Na wewe leo umenisemea bila hata neno. Mwenye maneno na asiye na maneno, wote mnaniamulia. Mimi ndiye niliyekupigia pasi lile shati. Mimi ndiye ninayejua mkono wako ukipata baridi. Ulidhani nabeba mzigo? Nilikuwa nambeba mume wangu."

Gosbert alishusha kidole. Aliutia mkono wake katika nywele za Violeth, akaushusha shavuni, akamfuta machozi kwa kidole gumba, na kidole kile kilikuwa bado cheupe kwa vumbi la chaki. Violeth aliukamata mkono.

"Basi niambie neno letu. Nitaondoka, lakini niambie kwanza. Nakupenda, Gosbert."

Alisubiri. Midomo ya Gosbert ilijikusanya. Violeth aliliona neno likija, aliijua ile namna ya taya kushuka kabla halijatoka. Kisha midomo ilifungana, ikakazwa mpaka ikapauka.

"Nakupenda," Violeth alirudia. "Nakupenda."

Gosbert alifumba macho. Hakujibu.

Violeth aliuachia mkono. Pengine limekwenda, alijiambia. Pengine shikamoo limelisukuma lile jingine likatoka, kichwa kile hakina tena nafasi ya mawili. Alimhurumia kwa hilo, na huruma ikamsaidia kusimama. Mjomba Fulgensi alirudi akaishika baiskeli bila kumtazama mtu.

"Kwaheri, binti yangu," alisema. "Mungu yupo."

Waliondoka. Violeth alibaki kando ya majaruba akiwatazama wakipungua, jembe likichomoza huku na huku.

Mbele yao, penye kona, watoto waliotoka misa walikuwa wanarudi makwao na nguo zao za Jumapili. Walipoiona baiskeli walijipanga pembeni ya njia, kama walivyofundishwa.

"Shikamoo mwalimu," waliimba.

"Marahaba," Gosbert aliitikia.

Lilisikika mpaka kwenye majaruba, sauti safi, bila kukwama. Violeth alisimama palepale. Kwa hiyo neno alikuwa nalo. Alikuwa nalo muda wote aliokuwa amemshika shavu, akalizuia kwa meno ili yeye avuke mto.

Aliporudi nyumbani baba yake alikuwa bado ameketi na koti lake, na hakuna aliyekuwa ameigusa meza. Violeth aliichukua chaki akaifumbata.

"Baba," alisema, "mwambie padri nitakwenda."

Kisha aliingia chumba cha ndani, akakaa karibu na shangazi yake, na shangazi hakumwambia asilie.